Fomu ya Ufadhili Inapouliza Uongozi

Majuma mawili yaliyopita alinijia binti wa jirani yetu hapa Tudor, aliyemaliza shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na ambaye sasa ametimiza miaka mitatu kazini, akiwa na karatasi nne alizozichapisha saiba. Kwenye kila karatasi alikuwa ameorodhesha nafasi za ufadhili wa masomo ya uzamili zenye maneno mawili aliyoyatafuta kwa siku nyingi, yaani "wanawake" na "usalama wa mtandao", na zaidi ya nusu ya nafasi hizo alikuwa keshazipiga mstari mwekundu. "Dada," aliniambia hata chai haijamiminwa, "mbona kila mlango ninaobisha naulizwa kwanza pasipoti yangu ni ya nchi gani?"

Nilizichukua karatasi zile nikazisoma moja moja, kwa kuwa miaka kadhaa iliyopita mimi pia nilikuwa na orodha kama hiyo na mistari myekundu kama hiyo. Nimeomba ufadhili mara tatu. Mara mbili nilikataliwa, mara ya tatu nikakubaliwa, nikaenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja, nikarudi. Mfadhili wangu sitamtaja, maana nisingependa maneno haya yageuke tangazo lake wala lawama juu ya wale walioninyima. Ninachotaka kueleza ni jambo moja ambalo lilinichukua miaka miwili kulielewa, nalo ni maana ya neno uongozi linapoandikwa kwenye fomu hizo.

Lakini kwanza nimjibu binti yule kuhusu pasipoti. Nafasi zilizotengwa kwa ajili ya wanawake wa fani hii pekee ni chache, na nyingi kati ya zile alizozipata ziko Marekani, ambako usalama wa mtandao huhesabiwa kuwa sehemu ya ulinzi wa taifa. Mpango wa serikali ya huko uitwao CyberCorps Scholarship for Service, ambao nao aliuweka kwenye orodha ingawa si wa wanawake peke yao, humlipia mwanafunzi karo na posho, kisha yeye huitumikia serikali kwa muda unaolingana na ule aliofadhiliwa. Ni wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo tu, na kwa kweli sioni ubaya wa sharti hilo. Executive Women's Forum, jumuiya ya wanawake viongozi wa usalama wa taarifa, imekuwa ikitoa nafasi pamoja na Information Networking Institute ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, nayo humfikia mwanamke aliyekwisha kujipatia nafasi ya kusoma chuoni hapo, jambo ambalo peke yake ni mlima. Jumuiya ya WiCyS (Women in CyberSecurity), iliyoanzishwa na Dkt. Ambareen Siraj mwaka 2012, inajulikana zaidi kwa kugharamia mafunzo mafupi, vyeti na safari za wanafunzi kwenda kwenye kongamano lake kuliko kwa kulipia shahada. Hayo yote ni mema, na binti yule anapaswa kuyafahamu, ila akiyasubiri hayo tu atazeeka na karatasi zake mkononi.

Niliigeuza karatasi ya kwanza upande mweupe nikamwambia aanze orodha upya, safari hii bila kulitafuta neno "wanawake". Milango mikubwa haikuandikwa neno hilo, wala haikuandikwa "usalama wa mtandao", lakini inamtafuta mtu wa namna yake. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, humlipia mtu karo, posho na nauli kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, na huhitaji saa 2,800 za kazi, ambazo ni sawa na miaka miwili hivi, zikiwemo hata saa za kazi ya kujitolea. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao chimbuko lake ni mkutano wa elimu uliofanyika Oxford mwaka 1959, humuuliza mwombaji zaidi kuhusu maendeleo: masomo yako yatamfaa nani huko utokako, na utajuaje kwamba yamemfaa. Mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya humsomesha mtu katika nchi mbili au zaidi kwa shahada moja na kumpa euro 1,400 kila mwezi, na miongoni mwa shahada zake imo CYBERUS, ya usalama wa mtandao, iliyounganisha vyuo vya Ufaransa, Luxembourg na Estonia. Fulbright ya Marekani, iliyopo tangu mwaka 1946, haiulizi uraia wa Marekani bali humtaka msomi arudi kwao amalizapo.

Kwa asiyetaka kuvuka bahari, Carnegie Mellon hiyo hiyo imefungua kampasi Kigali tangu mwaka 2011, na ushirikiano wake na Mastercard Foundation uliotangazwa mwaka 2022, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 275, umelenga hasa vijana wa Afrika ambao pesa ndiyo kizuizi chao. Ningekuwa na umri wa binti yule leo, Kigali ingekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu, ingawa najua sifa ya kwenda Ulaya ina utamu wake mtaani.

Hata hivyo, orodha ndiyo sehemu rahisi. Kilichonishinda mimi mara mbili kilikuwa kwenye insha.

Ilikuwa hivi. Kabla ya kwenda masomoni nilikuwa msaidizi wa kompyuta katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, hapa mjini, ofisi ya watu kama thelathini, na kazi yangu kwa mujibu wa barua ya ajira ilikuwa kuhakikisha kwamba kompyuta zinawaka na mashine ya kuchapisha ina wino. Ijumaa moja, saa ya swala, meneja akiwa msikitini na mwenye kampuni yuko Nairobi, karani mmoja aliniita nikaone jambo la ajabu: mafaili kwenye kompyuta yake yalikuwa yanabadilika majina yenyewe, moja baada ya jingine, na hayakuwa yakifunguka tena. Dakika chache baadaye karani wa meza ya pili naye akapiga kelele. Sikuwa nimewahi kuona kwa macho yangu shambulio la kudai fidia, ambapo mdukuzi huyafunga mafaili ya watu na kutaka alipwe ili ayafungue, ila nilikuwa nimelisoma, na nilijua kwamba kila dakika niliyokuwa nikisimama pale kutazama, lilikuwa likihama kutoka meza hadi meza likielekea kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, iliyokuwa na hati za kontena za wateja wetu wote.

Nilimpigia meneja simu mara mbili, ikaita tu. Basi nikaingia chumba cha nyuma nikachomoa nyaya zote za mtandao kwenye swichi, kifaa kinachoziunganisha kompyuta zote, ofisi nzima ikakatika, pamoja na vijana wetu waliokuwa bandarini Kilindini wakisubiri hati zitumwe ili kontena mbili zitolewe siku hiyo. Kompyuta zenyewe sikuzizima. Baadaye darasani nilifundishwa kwamba hilo ndilo lifaalo, kwa sababu kompyuta ikizimwa ushahidi ulio kwenye kumbukumbu yake hupotea, na mhadhiri akanisifu. Ukweli ni kwamba sikuzizima kwa kuwa chumba cha nyuma kilikuwa karibu zaidi.

Kontena zile hazikutoka siku hiyo wala Jumamosi, wateja wakatozwa ada ya kuchelewa, na meneja aliporudi aliniuliza mbele ya watu wote ni nani aliyenipa ruhusa ya kuikata ofisi. Sikuwa na jibu zuri. Nilichokuwa nacho ni diski ya nje ambayo kila Alhamisi jioni nilinakili juu yake mafaili ya seva na kuondoka nayo ndani ya mkoba wangu, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Tukapoteza kazi ya asubuhi moja badala ya kupoteza ya miaka sita, na hakuna fidia iliyolipwa.

Sasa, miezi michache baadaye nilipojaza fomu yangu ya kwanza ya ufadhili, na swali la uongozi likanitaka nieleze wakati ambapo niliongoza au kuwashawishi wengine, tukio hilo lote nililiandika kwa sentensi moja: nilisaidia idara yetu kurejesha mifumo baada ya shambulio la kimtandao. Sehemu iliyobaki ya insha niliijaza kwa kueleza uongozi ni nini, kwamba kiongozi bora husikiliza, na kwamba wanawake wa Pwani wanahitaji mifano ya kuigwa. Nilikataliwa. Mwaka wa pili niliongeza vyeti viwili na majina ya programu zote ninazozijua, nikakataliwa tena, na safari hii haraka zaidi.

Aliyenifungua macho ni mamangu, ambaye hajui kompyuta ila ya simu yake ya mkononi. Jioni moja aliniona nimeikunjia uso insha ile akanitaka nimsomee. Insha ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa naisoma na kuigeuza Kiswahili papo hapo, na nilipofika kwenye sentensi ile ya kusaidia idara akanisimamisha. "Si ndiyo siku ile uliyorudi nyumbani ukilia?" Nikamwambia ndiyo. "Na zile nyaya alizichomoa nani?" Nikamwambia mimi. "Basi mwanangu, hapa wewe uko wapi?" Nilimweleza kwamba kujitaja sana si adabu, naye, mwanamke aliyenilea kwa methali ya kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, alinitazama kwa muda kisha akasema kwamba hao wanaosoma karatasi zangu hawakuja sokoni, wako kwao, hawakioni kizuri wala kibaya, wanasoma tu. Kisha akanitaka nianze hadithi upya, na kila nilipotua aliniuliza swali lile lile: kisha ikawaje?

Insha yangu ya tatu niliiandika nikijibu swali hilo. Niliandika nilichokiona, nisichokijua kwa wakati ule, nani nilimpigia simu na hakupokea, niliamua nini, uamuzi huo uliwagharimu akina nani, na nilifanya nini baada ya kukaripiwa, maana sehemu hii ya mwisho ndiyo niliyoisahau kabisa mara mbili za kwanza. Baada ya kukaripiwa nilimwandikia meneja kurasa mbili nikipendekeza nani awe na mamlaka ya kukata mtandao wakubwa wasipopatikana, na mwezi uliofuata karatasi hiyo ikawa utaratibu wa ofisi. Hapo ndipo palipokuwa na uongozi. Sikuwa na cheo, sikuwa na mtu hata mmoja chini yangu, na nilikuwa nimeupita kila siku nikienda kutafuta mfano wa kuandika.

Tangu nirudi nimesoma rasimu za insha za wanawake wengi kidogo wa hapa Mombasa, Kilifi na Kwale, na neno ninalokutana nalo zaidi ni "nilisaidia", likifuatiwa na "nilibahatika". Aliyejenga mfumo wa kuthibitisha malipo wa shirika la akiba na mikopo alisaidia. Aliyegundua kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi bado anaingia kwenye barua pepe za ofisi, akamfungia, akaandika taarifa, alibahatika kugundua. Wanaume ambao rasimu zao nimeziona, nao ni wachache, nisije nikawasingizia, huandika "niliongoza" hata pale walipokuwa wamebeba ngazi. Sisemi waigwe. Nasema msomaji wa London au Brussels ana rasimu mamia mbele yake, hana njia ya kujua kwamba kule kwetu neno "nilisaidia" ni adabu tu na huenda lina maana ya "nilifanya mimi peke yangu usiku kucha".

Kuna tarakimu mbili ninazozikumbuka kila ninaposoma rasimu hizo. Shirika la ISC2, ambalo ndilo hutoa CISSP, cheti cha wataalamu wa usalama wa mtandao, lilitangaza mwaka 2017 kwamba wanawake walikuwa asilimia 11 tu ya wafanyakazi wa usalama wa mtandao duniani. Katika utafiti wake uliofuata lilipanua tafsiri ya mfanyakazi wa fani hiyo ili iwaingize pia wale ambao usalama ni sehemu tu ya majukumu yao, na idadi ikapanda hadi asilimia 24. Wengine waliisherehekea tarakimu ya pili kama maendeleo. Mimi naisoma vingine: inaniambia kwamba wanawake wengi wanaifanya kazi hii bila kupewa jina lake, kama mimi na mashine yangu ya wino.

Jambo la pili ambalo fomu huuliza ni kwa nini umechagua masomo hayo, na hapa Mombasa ina utajiri ambao waombaji wetu hawautumii. Wengi huanza kwa kusema kwamba dunia ya leo ni ya kidijitali. Mimi ningeanza ufukweni. Mwaka 2009 waya za mtandao zipitazo chini ya bahari, za TEAMS, zilizotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na za SEACOM zilifika nchi kavu hapa hapa, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea satelaiti. Mwezi wa Mei mwaka 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kusini mwa bara, watu wa Afrika Mashariki yote waliona mtandao ukizorota. Na tuna bandari. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya iliishika kampuni ya meli ya Maersk, ikafunga vituo vyake vya kontena katika nchi mbalimbali, ikalazimu kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi hivi, na hasara ikakadiriwa kufika dola milioni 300. Mwezi Julai mwaka 2021 Transnet, shirika la reli na bandari la Afrika Kusini, ilishambuliwa, bandari ya Durban ikasimama kwa siku kadhaa. Binti anayefanya kazi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Kilindini hana haja ya kuanza insha yake na dunia ya kidijitali.

Kisa cha Maersk tulikisoma darasani, pamoja na kile kipande chake maarufu: nakala zote za kumbukumbu zilizohitajika ili kuujenga mtandao upya zilikuwa zimeharibika duniani kote, isipokuwa moja katika ofisi ya Ghana, iliyosalimika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na kompyuta yake haikuwa hewani. Darasa zima lilicheka. Mimi, niliyetoka mahali ambapo stima ikipotea mtu huendelea na kazi yake kwa tochi ya simu, nilikuwa nikiwaza ni ofisi ngapi za hapa kwetu zinazosalimika kila mwaka kwa njia hiyo bila wenyewe kujua.

Kuhusu aina ya shahada, ushauri wangu ni mfupi. Anayetaka kuwa fundi bingwa achague masomo ya kiufundi hasa. Anayetaka siku moja kukaa mbele ya bodi ya wakurugenzi achague yale yanayochanganya ufundi na usimamizi, sheria na hesabu ya hatari. Royal Holloway, ya Chuo Kikuu cha London, imekuwa ikifundisha uzamili wa usalama wa taarifa tangu mwaka 1992, na programu nyingi zilizoanzishwa baadaye zinafanana nayo. Somo lililonifaa kuliko yote halikuwa la udukuzi. Lilikuwa ni zoezi la kuichukua hatari moja, tuseme seva isiyo na nakala ya akiba, na kuieleza kwa dakika tano kwa mtu wa fedha asiyejua seva ni nini, ukimtajia ni shilingi ngapi zitapotea kwa siku na ni ngapi zinahitajika kuzuia. Mara ya kwanza nilishindwa vibaya, na nilikumbuka meneja wangu.

Niseme neno pia kuhusu fedha ambazo tangazo la ufadhili halizitaji. Ufadhili kamili huanza ukishakubaliwa. Kabla ya hapo ni mfuko wako. Pasipoti, nakala za matokeo kutoka chuoni, mtihani wa Kiingereza pale unapohitajika, na safari za Nairobi. Niliitwa kwenye usaili saa tatu asubuhi, nikapanda treni ya Miritini siku moja kabla na kulala kwa binamu yangu Eastleigh, kisha nikarudi tena Nairobi kupimwa kifua kikuu, kwa sababu Uingereza huwataka Wakenya wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita wawe na cheti cha kipimo hicho. Nilikuwa bado nikilipa deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Chama cha akina mama alichomo mamangu ndicho kilichonikopesha, na nilikirudishia kwa posho ya miezi miwili ya kwanza, jambo lililonifanya nile wali na dengu Uingereza kwa uaminifu mkubwa.

Kwa wenye watoto, soma masharti kwa makini zaidi kuliko mimi nilivyolazimika kusoma. Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa darasani kuja na familia zao, isipokuwa wale wa utafiti na wale wanaofadhiliwa na serikali. Na kuruhusiwa kuja na mtoto si sawa na kulipiwa mtoto. Chevening hailipii wategemezi. Jumuiya ya Madola imekuwa na posho ya mtoto kwa mzazi anayelea peke yake, jambo ambalo wanawake wachache sana niliozungumza nao walikuwa na habari nalo. Shahada ya miezi kumi na miwili kumwacha mtoto wa miaka minne kwa nyanya yake ni uamuzi ambao mimi sitamshauri mtu wala kumzuia. Nyumbani kwetu jambo lililozua mjadala lilikuwa sukari ya mamangu, nani atampeleka kliniki. Ami yangu alikuwa na mengi ya kusema juu ya msichana kusafiri peke yake, hadi dada yangu mdogo alipomuuliza kama yeye yuko tayari kumpeleka mama kliniki kila mwezi, akanyamaza, na dada akaibeba kazi hiyo mwaka mzima. Jina lake limo katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu, mbele ya msimamizi.

Barua za mapendekezo nazo zina mtego wake. Usiombe barua kwa mkubwa mwenye jina ambaye hakukuona ukifanya kazi. Nilimwomba mhadhiri mashuhuri mara ya kwanza, akaandika kwamba mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Mara ya tatu nilimwomba yule yule meneja aliyenikaripia, kwa hofu kubwa, na akaandika ukurasa mzima kuhusu Ijumaa ile, akikiri kwamba siku hiyo yeye ndiye aliyekosea. Sikuwahi kumwambia kwamba niliisoma.

Binti yule aliniuliza kama sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili, ambalo Chevening na Fulbright wanalo, halimfungii mtu riziki. Kwa fani nyingine huenda. Kwa hii, nadhani nafasi za juu ziko tayari zaidi hapa kuliko huko, na zimeletwa na sheria. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo mwaka 2017 unaozitaka benki ziwe na afisa mkuu wa usalama wa taarifa na kuifanya bodi iwajibike. Mwaka 2018 ikaja sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, mwaka 2019 sheria ya kulinda data, na Kamishna wa Data wa kwanza wa nchi hii, aliyeapishwa Novemba 2020, ni mwanamke, Immaculate Kassait. Huko Uingereza ningekuwa mchambuzi wa ngazi ya chini kwa miaka mingi, nikitazama taa za kompyuta zamu ya usiku. Hapa, mwaka wa pili baada ya kurudi, nilikuwa nikiandika sera ya kampuni nzima. Mshahara si ule, hilo sikatai.

Tulipomaliza chai ilikuwa karibu magharibi. Nilimwuliza binti anipe mfano mmoja wa kazi yake, akaniambia kwamba hana lolote la maana, alisaidia tu wakati ofisi yao ilipokuwa inapokea mfumo mpya wa malipo. Sikumbishia. Nilimwomba aende akauandike wakati huo kwa Kiswahili kwanza, kama anavyomsimulia mamake, kisha anitumie sentensi ya mwanzo tu.

Ilifika jana usiku, saa tano kasoro, kwa WhatsApp. Aliandika kwamba watumiaji wote wa mfumo ule walikuwa wamepewa nywila moja, mkandarasi alikuwa anasubiri saini tatu ili alipwe, mbili zilikuwa zimetiwa, na ya tatu ilikuwa ni yake. "Nilikataa kutia saini."

Nikamjibu: kisha ikawaje?